Kofia ya Nadhiri ya Bi Rehani

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme, ni ya juzijuzi tu, Bi Rehani alikuwa akishona kofia katika mtaa mmoja wa pwani. Mwanawe wa pekee, Shebwana, alikuwa teja, akijidunga unga. Mama alilia, akasomesha dua, akachoka.

Siku moja akitandika kitanda cha mwanawe, alikuta pakiti ya sindano mpya na kopo la zilizotumika. Roho ikamruka. "Si katika nyumba yangu!" Akavitumbukiza vyote chooni, akajiona amemwokoa mtoto. Masikini, hakujua.

Kwani kwenye kibanda cha muuguzi Mselem, aliyewagawia mateja sindano safi wasiambukizane, kanuni ilikuwa moja: rudisha iliyotumika, chukua mpya. Shebwana, arosto ya kukosa unga imemshika, jasho linamtiririka, hana mpya wala ya kurudisha. Akaenda maskani kwa mwenzake Ngao, yule ambaye Bi Rehani alizoea kumfukuza kwa fagio.

"Ngao ndugu yangu, niazime yako."

Ngao akaivunja sindano yake palepale. "Mimi nina virusi, sikugawii. Twende kwa Mselem."

"Sina cha kurudisha!"

"Twende hivyohivyo."

Mselem akatazama mikono mitupu, akatazama kanuni iliyobandikwa ukutani, akatoa sindano mpya. "Wakinifukuza kazi, na wanifukuze. Lakini keshokutwa uje upime."

Shebwana alimsimulia mama yake yote. Bi Rehani akakaa kitako. Kumbe yeye ndiye aliyemsukuma mwanawe shimoni! Shebwana aliapa kwamba hajawahi kuazima sindano ya mtu, lakini nani anaamini kiapo cha mtu mwenye arosto? Hapo mama akaweka nadhiri: mwanangu akitoka salama, kofia hii ninayoishona ataivaa aliyemwokoa.

Kipimo cha kwanza, salama. Cha pili kikasubiriwa miezi mitatu, kwani virusi huchelewa kuonekana. Miezi mitatu Bi Rehani alishona huku akijichoma vidole, akifumua, akishona tena. Alikonda kuliko teja mwenyewe.

Siku ya majibu, Mselem alitoka chumba cha vipimo cha zahanati anacheka. "Hana kitu, mama. Safi." Bi Rehani alikaa sakafuni pale zahanati, akacheka na kulia kwa pamoja, na watu wakamwacha. Siku hiyo alikula sahani mbili za wali.

Ijumaa yake wote watatu walikuwa ukumbini kwake, na kofia iko mezani.

"Mimi nilitoa sindano kinyume cha kanuni," akasema Mselem. "Nimepewa barua ya onyo. Bila sindano ile, angeokota ya yeyote."

"Bila mimi asingefika kwako," akasema Ngao. "Arosto ilinishika na mimi, mama, na sindano niliyovunja ndiyo pekee niliyokuwa nayo."

Shebwana akakohoa. "Mliniokoa siku moja. Siku nyingine zote nani alipanga foleni juani na kopo lake? Nani alikataa za kuazima? Na jana, nani kaanza kunywa dawa ya kuacha unga?"

"Kelele nyie!" akasema Bi Rehani, anacheka, machozi yanamtoka. Fagio liko nyuma ya mlango, hakuligusa. Kofia moja, vichwa vitatu, na aliyelitupa kopo ndiye anayetakiwa kuamua.

Haya, nyinyi mliokaa kitako mkisikiliza: amvishe nani?