Hoza Awaaga Wateja Wake

Hoza alikuwa mlinzi wa geti kwa Mzee Shemdoe, tajiri wa mkonge. Mshahara ulikuwa wa uhakika lakini haukumtosha, kwa hiyo kila alfajiri alipika vitumbua pale pale getini, akauza.

Asubuhi moja tajiri alitoka amefura, mdomo umejaa kitumbua.

"Hoza! Nimekuajiri ulinde au ufungue mgahawa? Chagua sasa hivi: kazi yangu au hivyo vitumbua vyako!"

"Shikamoo, mzee. Vitumbua vyangu watu wanavipenda."

"Kitumbua ni hiki! Mke wangu huamka alfajiri kunipikia. Wewe hutaweza kupika kama hiki mpaka kiama!"

"Kweli mzee, mama ana mkono mtamu. Basi nachagua kazi. Ila niruhusu niwaage wateja wangu, wasije wakaniona sina adabu."

"Waage, upesi!"

Hoza akapanda juu ya kiti, akaielekea nyumba ya tajiri, akapaza sauti.

"Fundi baiskeli, kwaheri! Mwalimu Kiluwa, kwaheri! Na wewe mteja wangu mkubwa, unayekuja na hotpoti kila alfajiri umejifunika khanga..."

Dirisha la ghorofani likafunguka kwa kishindo. Mke wa tajiri akachomoza kichwa.

"Baba Sekela! Mwache auze! Na kazi usimwachishe!"

"Kwa nini, mke wangu?"

"Nimeota!"

Tajiri akameza kitumbua chake.

"Haya, uza," akamwambia Hoza. "Ila umwombe mama akufundishe kupika."

"Nitamwomba kesho alfajiri, mzee."