Michirizi ya Mtoto wa Jodari

Kulikuwa na wakati jodari alikuwa samaki wa karibu. Alizaa mbele ya mwamba wa kijiji cha Shungwa, na wanawe, wakiwa na matumbo ya rangi ya fedha yasiyo na alama, walijikusanya chini ya gogo lolote lililoelea, kwa sababu watoto hupenda kivuli. Ndiyo hivyo tu. Hawakuwa na kosa jingine.

Nahodha Ngwali aliliona hilo. Akafunga gogo baharini, akangoja, akalizungushia wavu ambao macho yake hayakupitisha hata kidole gumba. Alitaka vibua. Walipanda vibua, na pamoja nao watoto wa jodari, wadogo kama kiganja, wasiofaa hata mchuzi. Hao alikuwa akiwatupa.

Mama Jodari alikwenda ufukweni kulalamika. Alikwenda tena na tena, mpaka sauti ikamkauka. Safari ya mwisho alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja.

"Dada, mimi nategea vibua," Ngwali alimjibu. "Wanao wanajileta wenyewe. Na ninawarudisha."

"Wakiwa wamekufa."

"Kurudisha ni kurudisha. Kesho alfajiri natoka, usinicheleweshe."

Mama Jodari akageuka, akarudi majini. Alikuwa amechoka kushinda hoja na kupoteza watoto.

Karibu hapo alikaa Mize, mfumaji wa nyavu, akiziba tundu kwenye wavu huohuo. Alikumbuka kwamba hajapasua jodari mkubwa tangu mwanawe wa kwanza aanze kutembea. Akauchana wavu ubavuni, akafuma upya kwa macho ya upana wa ngumi, akauchovya katika rangi ya magome ya mkoko, akaukunja. Na huko Shungwa wavu uliokunjwa na mfumaji haukunjuliwi nchi kavu. Ni nuksi. Ngwali aliupakia bila kuuangalia.

Kulipokucha aliuzungusha kwenye gogo. Vibua wakamwagika ubavuni kama maji. Mtoto wa mwisho wa jodari akajipenyeza nyuma yao, na nyuzi mpya, ngumu kwa rangi, zikamkwaruza tumbo lote. Akatoka.

"Mize, umefuma wavu au umefuma mlango?" Ngwali aliuliza aliporudi.

"Mlango. Si ulisema unawarudisha? Nimekupunguzia kazi."

Watu wakacheka. Shungwa wakashika kipimo cha ngumi. Kwingine waliambiwa, wakatikisa vichwa kukubali, wakaendelea na kidole gumba.

Mama Jodari hakungoja wakubaliane. Alimchukua mwanawe akaenda kilindini.

Na tangu siku hiyo jodari huogelea bila kupumzika, na mtoto wake ana michirizi myeupe tumboni, alama ya wavu alioponea. Akikua, hufutika. Kwa hiyo mkimkuta sokoni, mdogo kama kiganja, michirizi bado ipo, msiniulize ni samaki gani. Ni yule ambaye hakufumiwa mlango.