Bibi Harusi Aliyegeuka

Palikuwa na bibi harusi mmoja, hapa hapa mjini. Desturi yetu mnaijua: mkitoka kanisani, kabla ya kwenda ukumbini, mnapitia bustanini kupiga picha. Naye akapelekwa. Mama mkwe ndiye aliyezingoja picha hizo kuliko wote, maana mama yake mzazi yuko kijijini, mgonjwa, na alikuwa ameahidiwa kuuona uso wa mke wa mjukuu wake.

Mpiga picha akawapanga, bustani yote migongoni mwao. "Bibi harusi, tazama huku." Getini matarumbeta ya harusi nyingine yanasubiri zamu. Lakini kila alipobonyeza, bibi harusi amegeuka. Upepo ulikuwa unapita taratibu juu ya nyasi, maua mekundu ya mkrismasi yanadondoka moja moja, ndege mdogo anakunywa maji kwenye jani. Akasahau shela, akasahau watu. Alikuwa kama anaota huku amesimama.

Picha zilipoletwa, uso wake haukuwamo hata katika moja.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, na machozi yanamlengalenga, "sasa nimpelekee mama kisogo?"

"Nisamehe, mama. Kila siku napita nje ya ukuta wa bustani ile nikienda kazini. Siku ile ndiyo nimeingia mara ya kwanza."

Mume akaichukua picha moja, akaitazama sana. "Huu mti mwekundu ulikuwepo?"

"Ulikuwepo. Wewe ulikuwa mbele yake, mume wangu."

Jumapili wakarudi wote watatu, wapige picha moja tu ya uso kwa simu ya mume. Safari hii bibi harusi akatulia, akatazama mbele kama alivyoambiwa. Akangoja. Akangoja tena. Kumbe mume ameishusha simu, macho yako juu mtini, na mama mkwe amevua viatu, ameketi kwenye nyasi. Giza likawakuta hapo, bila picha.

Ikabidi wampandishe basi bibi harusi mwenyewe, aende kijijini akaonwe.

Mnacheka. Mnamcheka nani, ndugu zangu? Mungu ametuoteshea miti katikati ya zege na moshi huu, nasi tumeifanya pazia la kupigia picha. Nani kati yetu anajua kama mti wa pale kituoni kwake umechanua? Inaniuma kusema, lakini hata mimi mchungaji wenu sijui. Tunalalamika kwamba mji umetunyima pumzi, na pumzi yenyewe tumeipa mgongo.

Nyuma yenu mlango uko wazi. Kuna mwarobaini pale uani, umejaa maua meupe, na nyote mmepita chini yake mkiingia humu. Geukeni muutazame. Msinionee haya. Mahubiri yaliyobaki yako huko nje, na mimi nanyamaza.