Futi ya Fundi na Doa la Ini

Wapendwa, palikuwa na fundi cherehani mmoja, mwanamke asiyekosea kipimo. Mumewe aliugua saratani ya ini. Madaktari waliuunguza uvimbe kwa sindano ya joto, na mwezi uliofuata wakampiga picha za MRI, ile mashine ya sumaku, wajue kama tiba imefaulu. Majibu yangetolewa Ijumaa, lakini picha alikabidhiwa mke.

Nyumbani alizibandika dirishani, za kabla ya tiba na za sasa, akachukua futi yake. Doa la zamani lilikuwa sentimita tatu. Hili jipya, nne na nusu. Akapima tena. Hakumwambia mtu. Alitoa jora la kitambaa cheusi, akaanza kukata sare za msiba.

Mumewe akachungulia mlangoni. "Mke wangu, harusi ya nani hiyo ya nguo nyeusi?"

Alimjibu kwamba ni kazi ya mteja.

Ijumaa, daktari hajakaa vizuri, fundi akamwambia, "Usinifiche. Nimepima mwenyewe. Limekua."

Daktari aliuliza kapima kwa kifaa gani. Alipoonyeshwa futi hakucheka. Alimwekea picha mbili, zote zilizopigwa baada ya mgonjwa kudungwa dawa inayofuata damu. Katika ile ya zamani doa liling'aa. Katika ya sasa lilikuwa jeusi tii.

"Mama, tuliunguza na pembeni yake makusudi, ndiyo maana ni pana. Wewe umepima ukubwa. Mimi natazama kama bado linakunywa damu. Halinywi. Limekufa."

"Na hilo doa?"

"Litakuwepo muda mrefu. Tutakuwa tunalitazama."

Jumapili yule mume aliketi ibadani amevaa shati jipya jeusi, akiimba kwa sauti yake mbovu. Mkewe peke yake ndiye aliyejua kitambaa kile kilikatwa kwa msiba wa nani. Alishukuru huku machozi yakimtoka.

Na sisi je? Mungu ameua chuki ndani yetu, ameua ulevi, ameua uchungu wa zamani. Nasi tunatoa futi: mbona alama bado ipo, mbona pana hivi? Ndugu yangu, alama ipo. Swali ni moja: bado unainywesha? Kama huinyweshi, unamkatia nani sare za msiba? Kitambaa unacho mkononi. Shona shati, uje tushukuru.