Karatasi ya Semkiwa

“Salamu za wengi zilimaliza karatasi.” Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo Mbelwa, aliyekuja hapa kumwita mkunga akaanza kuuliza habari za mifugo, za shamba, za mguu wa babu, kumbe mkewe yuko nyumbani ana uchungu wa kuzaa! Mnacheka. Chekeni tu. Methali hii iliumiza watu kwanza, ndipo ikasemwa. Chanzo chake ni hiki.

Wakati wa vita kuu ya pili, kijana mmoja wa huku kwetu Uzigua, jina lake Semkiwa, aliingia jeshi la Waingereza, akawa askari wa Keya. Alimwacha Mwantumu, binti wa Mzee Mgaza. Posa ilikuwa imepokelewa, mahari bado. Siku ya kuagana Mzee Mgaza alimwambia, “Mwanangu, vita havina ahadi. Kabla hujavuka bahari niletee neno lako: binti yangu akungoje au asikungoje. Mavuno yakiisha sijalisikia, namwoza.”

Basi Semkiwa akafika Kilindini, meli ya kwenda Burma inapakia. Kila askari akapewa karatasi moja ya barua. Upande mmoja wa kuandikia, upande wa pili wa anwani na mhuri wa mkaguzi. Ukiuchafua, barua inachanwa.

Semkiwa alikuwa amejifunza kuandika kambini, herufi zake kubwa kama maharage. Koplo Ochola, rafiki yake, akamwambia, “Ndugu yangu, anza na la mchumba.”

“Astaghfirullahi! Nimtaje binti wa watu kabla ya wazee? Barua hii itasomwa barazani, kila mtu anasikiliza jina lake. Watasema jeshi limenitoa adabu.”

Na kweli, siku hizo barua ilikuwa ya kijiji kizima. Asiyesalimiwa alihesabu ametupwa. Semkiwa akaanza na baba yake, akaja mama, ami, mjomba, mwalimu wa chuo cha Kurani, Mzee Mgaza mwenyewe. Kila akimaliza mmoja, sura ya mwingine inamjia, naye anaogopa kumwacha. Akamsalimu hata Mzee Kilo muuza tumbaku. Alipoinua kalamu ili aandike la Mwantumu, akakuta karatasi imejaa mpaka chini.

Akakimbilia kwa karani. “Bwana karani, nakuomba, nyingine moja tu. Sijasema nilichotaka kusema.”

“Askari mmoja, karatasi moja. Ungeanza na ulichotaka.”

“Futa mmoja!” Ochola akamwambia. Semkiwa akaipitia karatasi. Amfute nani, mama yake? Tarumbeta likalia, watu wakaanza kupanda meli. Akaitoa barua ilivyo, akijiambia kwamba ataandika nyingine huko mbele. Moyoni alijua anajidanganya. Aliandika ya pili baada ya miezi saba, mavuno yameshaliwa.

Alirudi mwaka wa tatu, vidole viwili hana, na doti ya kanga begani. Kisimani akakutana na Mwantumu, mtoto mgongoni.

“Umerudi salama, kaka Semkiwa?”

Lile neno kaka lilimchoma. “Mwantumu, niliandika.”

“Ilisomwa. Nilikaa nyuma ya mlango na mama, nasikiliza. Walisalimiwa wote. Mpaka Mzee Kilo! Mwalimu alipofika mwisho, baba akamwambia ageuze. Akageuza. Baba akamwomba arudie yote tangu mwanzo, akarudia. Hakunigombeza. Aliniambia tu, ‘Mwanangu, umesikia mwenyewe.’”

“Nilikuwa nakuja kwako,” Semkiwa akasema, machozi yanamtoka hadharani, mwanamume mzima aliyetoka vitani. “Salamu za wengi zilimaliza karatasi.”

Mwantumu akamtazama sana. “Jina langu lingekula nafasi gani, Semkiwa? Si ungelibana hata pembeni?”

Akajitwika mtungi akaenda kwa mumewe, mtu aliyempiga tangu mwezi wa kwanza. Mwantumu alifariki katika uzazi wa tatu. Zile kanga Semkiwa hakumpa, na hakumpa mtu mwingine.

Semkiwa hakuoa. Akawa mwandishi wa barua wa kijiji. Ukimwendea na salamu za baba na ami, anaweka kalamu chini: “Unataka kumwambia nani, nini? Tuanze na hilo. Wengine watasamehe.” Na ukibisha, anakuambia maneno yale yale aliyoyasema kisimani.

Basi mkiwa na neno linalowaunguza, msizunguke. Mwoneni Mbelwa, mkunga amemkuta mtoto keshatoka, mama yake peke yake sakafuni. Mungu amewasitiri. Mwantumu hakupata sitara hiyo. Salamu za wengi zilimaliza karatasi.