Sarafu Juu ya Sindano

Kitanda kinaweza kutandikwa shuka jeupe likamvutia kila mpita njia, lakini uchungu wake anaujua yule anayekilalia. Maneno haya yalithibitika katika soko la Otonglo, Jumamosi moja mchana, jua likiwa la utosi.

Nasike alikuwa mjane mcha Mungu. Waumini wenzake walimwamini hata wakamkabidhi ufunguo wa kanisa, naye aliuvaa shingoni kwa uzi mweusi. Marehemu mumewe, Wechuli, aliyekuwa mpishi wa hoteli mjini Kisumu, alimwachia mtoto wao Terry, gramafoni na santuri moja tu. Ilikuwa mkusanyiko wa nyimbo za mwanzo mwanzo za soul na R&B, za waimbaji weusi wa Marekani. Nasike hakukielewa Kiingereza chao, ila alisadiki kwamba watu waliolia namna ile walijifunzia kulia kanisani.

Siku hiyo alifika kwa fundi Opiyo kuichukua gramafoni iliyotengenezwa, santuri ikiwa kiondoni ili waijaribu. Opiyo alikuwa ameinama chini ya meza akitafuta fyuzi. Ndipo akatokea Bwana Zadock, mwenye ukumbi wa muziki wa zamani, mtu wa tai na maneno ya asali.

"Mama, hebu nione hiyo."

Nasike akampa bila wasiwasi. Zadock akaligeuza jalada, akayasoma majina ya nyimbo, macho yakamng'aa kama paka aliyeona samaki wa mbuta. Nasike aliponyoosha mkono kuipokea, yule bwana akaikumbatia.

"Hii ni yangu! Nimeiweka hapa mezani sasa hivi, nikageuka kupokea simu, nawe ukaitia kiondoni!"

"Ati nini? Baba, mche Mungu!"

"Mwizi! Jakuo!" Zadock akapaza sauti.

Neno hilo sokoni ni kiberiti kwenye nyasi kavu. Vijana wa bodaboda wakaziacha pikipiki zao. Mmoja alikuwa ameshaokota jiwe.

"Hawa kina mama wa viondo ndio wabaya," akasema. "Mchana wanaomba, na bado wanaiba."

Opiyo akachomoka chini ya meza, vumbi kichwani. "Ngojeni! Hapa kwangu hauawi mtu!"

"Wewe uliona nani ameiweka?"

"Sikuona," akakiri fundi kwa unyonge.

Zadock akatabasamu. Akayataja majina ya nyimbo, moja baada ya jingine, kwa Kiingereza kilichonyooka. "Sasa na huyu ataje hata mmoja."

Nasike akafungua mdomo. Hakujua hata jina moja.

"Huyu anajua za kwaya tu!" mtu akadakia, umati ukaangua kicheko. Duara likazidi kubana.

Debra, muuza samaki waliyesali naye kanisa moja, akajipenyeza mbele. Hakumtazama usoni. "Mama Terry, kabla mambo hayajaharibika zaidi, nipe ufunguo wa kanisa."

Maneno hayo yalimwuma kuliko ambavyo jiwe lingemwuma. Nasike akauvua uzi shingoni, akautoa. Kisha akafumba macho, akasema neno moja tu, "Baba." Alipoyafumbua, sauti yake ilikuwa imetulia kama maji mtungini.

"Bwana Zadock, hiyo santuri yako ina ubaya gani?"

"Ubaya? Haina! Naicheza kila Ijumaa, hata jana. Laini kama siagi kutoka mwanzo hadi mwisho."

"Pande zote mbili?"

"Zote! Naitunza kama mboni ya jicho langu."

"Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Basi fundi, weka upande wa pili, wimbo wa tatu. Yule mama anayelia atashikwa na kigugumizi. Terry wangu aliipitishia kijiko alipokuwa anatambaa. Hatatoka hapo mpaka uweke sarafu ya shilingi tano juu ya mkono wa sindano. Ya kumi ni nzito, itaburuza. Marehemu alizijaribu zote."

Opiyo akaitwaa santuri mikononi mwa Zadock, akaweka sindano. Sauti ya mwanamke ikapanda, safi kabisa. Ikaendelea. Ikaendelea tena. Zadock akarekebisha tai. Yule kijana akalipima jiwe mkononi.

Mara sauti ikakwama. Neno moja, likarudi, likarudi, likarudi, kama mbuzi anayekataa kuvuka mlango.

"Sindano ya fundi ni mbovu!" Zadock akafoka.

Opiyo akatoa sarafu mbili mfukoni. Akaweka kwanza sarafu ya kumi, makusudi. Sindano ikaburuza, ikanguruma. Akaiondoa, akaweka ya tano. Sauti ikaruka kidonda chake, ikaenda zake ikilia.

Jiwe likaanguka chini. "Bwana mkubwa," akauliza aliyekuwa nalo, "jana ulicheza santuri gani?"

Zadock akaanza kurudi nyuma. Umati ukampasulia njia, akapita katikati yake akizomewa hadi barabarani, tai ikiwa begani.

Debra akaurudisha ufunguo kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. Nasike akauvaa. Opiyo alipotaka kuizima gramafoni, akamzuia.

"Mwache amalize kulia," akasema.

Hakika, Zadock alisoma jalada, lakini Nasike aliishi na santuri: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.