Chungu cha Mchwa cha Bi Nakiete

Paukwa!

Pakawa!

Kuku akachakura.

Tukamwona.

Basi, palikuwa na kijiji kikiitwa Kwembago. Si Mbago, kama wasemavyo wapita njia, Kwembago. Huko aliishi ajuza mmoja, Bi Nakiete, pamoja na mjukuu wake Zahabu na kuku kumi na watatu.

Uwanja wake ulikuwa aibu ya kijiji. Mbaazi zilisongamana mpaka mlangoni. Palikuwa na gogo lililooza, na shimo la majivu ambamo kuku walijigaragaza kuua utitiri. Karibu na kichuguu alikuwa amefudikiza chungu kikuukuu, kikubwa, kile cha kupikia harusi, kimejaa samadi na mabua makavu. Kila asubuhi alipokifunua, mchwa walikuwa tele, na vifaranga wakafungua kinywa.

Majirani walimcheka. Yeye aliwatazama kama mtu atazamavyo maji ya kuoshea vyombo.

Siku moja akaja mgeni, kanzu nyeupe, fimbo mkononi. Alijitaja kuwa Tahiri bin Tahiri. Jina lake hasa lilikuwa Magego Saba, zimwi la kilima cha Kwemkole. Lakini nani Kwembago aliuliza?

Mgeni alimwambia Jumbe Semdoe, mdogo wa marehemu mume wa Bi Nakiete, kwamba jumbe mstaarabu hujulikana kwa uwanja mweupe. Semdoe hakuwa amepata kusifiwa na mtu maishani mwake. Papo hapo akaamuru vichaka vyote vikatwe, na ardhi ifagiliwe mpaka ing'ae kama upara.

Wakafagia. Kuku wakabaki wamesimama juani, hawana pa kuchakura, hawana pa kujificha. Wakaanza kunyonyoana manyoya. Kisha mwewe mkubwa akawa anashuka mchana kweupe, anachukua mmoja, anachukua mmoja. Watu wakasema mwewe wa mwaka huu ana njaa, wakaendelea kufagia.

Bi Nakiete alijua. Mama yake alimwambia zamani: zimwi hujigeuza mwewe, huanza na kuku, likiwamaliza, hugeukia watoto. Wengine nao walikuwa wameambiwa na mama zao, wakasahau, maana kusahau hakuna jasho. Akamkataza Zahabu kutoka mlangoni, kisha akaenda kuongeza samadi chunguni.

Semdoe akaja kumwambia akate mbaazi.

"Kuku hali ufagio," akajibu Bi Nakiete.

Akaja tena, akataka chungu kivunjwe kwa sababu kinanuka.

"Kuku hali ufagio."

Mara ya tatu akaja na mgeni mwenyewe. Wakati huo kijiji kizima hakikuwa na kuku ila wale kumi na watatu. Mgeni akamtazama Zahabu pale mlangoni, akameza mate.

"Bibi, unaishi kama mnyama," akasema. "Huoni haya?"

"Kuku hali ufagio, baba. Nawe hujapata kufuga. Mgeni wa kweli kuku humfuata miguuni, wakidhani ana punje. Wewe wangu wamekukimbia."

"Shemeji, chunga mdomo," akasema Semdoe.

"Nimeuchunga miaka sabini. Leo umechoka."

Semdoe akaapa kwamba kesho, jua la utosini, atakuja na watu wenye mapanga.

Basi kesho yake ndio kwanza wamefika, mwewe akashuka. Kuku koo akawalilia vifaranga wake kwa ukali. Mwewe akashuka mara ya kwanza: vifaranga wako chini ya mbaazi. Akashuka mara ya pili: kuku wako nyuma ya gogo. Akashuka mara ya tatu, akanasa mabawa matawini. Kwa hasira akageuka, akawa zimwi mbele ya watu wote, magego saba nje, ile kanzu nyeupe ya mgeni imempasuka mgongoni.

Semdoe akatupa panga, akajificha nyuma ya watu wake. Wao nao walikuwa wakimtafuta yeye, wajifiche nyuma yake.

Zimwi likasikia kitu kikitambaa chini ya chungu. Walikuwa mchwa. Lilidhani ni vifaranga, kwa kuwa aliyezoea viwanja vitupu hajui kilichoko chini ya chungu. Likainama, likakiinua, likaingiza kichwa chote ili limeze kwa mara moja. Kichwa kikakwama. Samadi ikaingia puani, mchwa wakaingia masikioni.

Jogoo akaruka, akatua juu ya chungu, akawika. Na zimwi likiwikiwa kichwani huishiwa nguvu.

"Nitoe, bibi," likasema mle chunguni. "Nitakutajirisha."

"Jina lako nani?"

"Tahiri."

Bi Nakiete akaokota panga la Semdoe. "Jina lako nani?"

"Tahiri bin Tahiri."

Akaligusa kidole cha mwisho cha mguu kwa makali. "Jina lako nani?"

"Magego Saba."

"Haya. Sasa tunafahamiana."

Akakikata. Pale penye kidole wakatoka kuku wa kijiji kizima, mmoja mmoja, wazima, wakijikung'uta. Zimwi likanywea kama kiriba kilichotobolewa, hata ikabaki kanzu, nayo chafu. Zahabu akatoka nje, akawamwagia kuku mtama.

Semdoe akasimama katika uwanja wake mweupe, akiwaita kuku wake mpaka magharibi. Hakuna aliyegeuka. Siku ya tatu akaja kuomba mbegu za mbaazi. Bi Nakiete akampa kiganja kimoja, akamwambia azifukie kwa mikono yake mwenyewe, na ule ufagio auchome, uwe majivu ya kuku kujigaragaza.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya mbaazi. Anayetaka nyingine aichakure. Na funzo lake ni hili: mtu akikuhimiza ufyeke maficho yako, muulize kwanza yeye anatafuta nini.